Corsair SF750 kwa kompyuta ndogo ya kimya, na kwa nini sichukui isiyo na feni

Kama unajenga kompyuta ndogo na unataka iwe kimya, anza na pawa saplai, yaani kile kisanduku cha ndani kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa wa volti ndogo kwa vipuri vyote. Najua wengi wanaanza na prosesa na kadi ya grafiki afu pawa saplai inakuja mwisho kabisa na hela iliyobaki, lakini angalia hivi: feni ya prosesa unaweza kuibadilisha, unaweza kuipangia spidi kwenye BIOS (mipangilio ya ndani ya kompyuta kabla haijawaka), kadi ya grafiki unaweza kuipunguzia wati kwa programu ikatulia, ila feni ya pawa saplai inaendeshwa na saketi yake yenyewe humo ndani na wewe huna usemi wowote. Ukichukua yenye kelele ndo utakaa na kelele hiyo mpaka uiuze.

Ninayoizungumzia hapa ni Corsair SF750 Platinum, ile iliyotoka 2019, ndo iko kwenye mashine yangu ya mezani mpaka sasa, na nitaiweka pembeni ya njia nyingine ambazo mtu wa kompyuta ndogo lazima akutane nazo akianza kutafuta: SFX-L na Flex ATX (haya ni majina ya maumbo ya pawa saplai), vile vipande vidogo vya saketi vinavyoitwa pico vinavyokula umeme kutoka adapta ya nje, na zile zisizo na feni kabisa. Msimamo wangu nausema mapema ili usome ukijua naelekea wapi: kwenye kesi ndogo, yaani kasha la kompyuta, yenye kadi ya grafiki, pawa saplai yenye feni inayojua kukaa kimya inaishinda isiyo na feni, na zile wati za ziada unazolipia hulipii ili uzitumie, unalipia ili feni isiwe na sababu ya kuamka.

Tuanze na umbo. SF750 ni ya umbo la SFX, la kompyuta ndogo. SFX ya kawaida ina upana wa milimita 125, urefu wa kwenda ndani milimita 100, na kimo cha milimita 63.5. Pawa saplai ya kawaida ya ATX, umbo la kompyuta kubwa za mezani, ni 150 kwa 140 kwa 86, yaani ukizidisha hivyo vipimo SFX ni chini ya nusu ya ujazo wake, halafu bado humo ndani wamebana wati 750. Ukiishika mkononi ni nzito kuliko macho yalivyotarajia, na ukimulika tochi kwenye wavu wa feni unaona kwa nini, hamna nafasi tupu, ni kapasita na hitisinki (vyuma vya kupozea) na koili zimekaa bega kwa bega. Hapo ndo shida ya kelele ya SFX inapoanzia. Vitu vimebanana, hewa inapita kwa shida, na feni ni ndogo kwa sababu haiwezi kuwa kubwa kuliko kasha lenyewe. SFX za zamani nyingi zilikuwa na feni ya milimita 80 nyembamba, na feni ndogo ili isukume hewa ileile inabidi izunguke kwa kasi zaidi, na kasi ndo inayoleta kelele kuliko kitu kingine chochote. Kuna kanuni ya feni ambayo watu wa mitambo wanaijua vizuri: ukipunguza spidi ya feni ileile kwa nusu, kelele inashuka kwa desibeli 15 hivi. Desibeli 15 sio mchezo, ni tofauti ya kusikia na kutosikia kwenye chumba kilichotulia.

SF750 ina feni ya milimita 92, hizo milimita 12 za ziada zinaonekana kidogo kwenye karatasi lakini kwenye sikio ni kitu kingine. Na juu ya hapo kuna hii tabia ya feni kusimama kabisa mzigo ukiwa mdogo. Ukiwa unaandika, unafungua kurasa za mtandao, unaangalia video, feni haizunguki hata kidogo. Mi mashine yangu iko mezani pembeni ya skrini, sio chini ya meza, kwa hiyo nasikia kila kitu, na kwa kazi za namna hiyo pawa saplai ni kama haipo. Ukifungua gemu zito inachukua muda mpaka joto lipande ndo feni inaanza, na inaanza polepole, na kwa wakati huo feni za kadi ya grafiki zimeshaanza kupuliza kitambo, kwa hiyo huwezi kuibagua.

Sasa hapa nikae kidogo kwa sababu ndo penye kiini cha jambo. Kusimama kwa feni peke yake sio sifa, inategemea feni inasimama na kuamka vipi. Nshawahi kuwa na SFX nyingine, jina naliacha, ambayo kwenye boksi imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni ya kimya na feni inasimama, na kweli ilikuwa inasimama, tatizo ilikuwa inasimama na kuamka na kusimama na kuamka. Mzigo ukiwa wa kati hivi, labda unahariri picha au una gemu jepesi, joto linafika kizingiti feni inawaka kwa spidi ya juu, inapoza haraka, inazima, dakika mbili baadaye tena. Kila ikiwaka unasikia kwanza kamlio kadogo ka mota kushtuka, afu upepo, afu kimya. Kelele ya namna hiyo inachosha kuliko feni inayozunguka muda wote kwa sauti ya chini, kwa sababu sikio la mtu linazoea sauti isiyobadilika lakini halizoei sauti inayokuja na kuondoka. Kwa hiyo ukisoma vipimo vya watu waliopima pawa saplai yoyote, usiishie kwenye desibeli za mzigo mdogo na desibeli za mzigo kamili, tafuta mchoro wa spidi ya feni dhidi ya mzigo uone kwenye wati zile unazotumia wewe kila siku mstari unapanda taratibu au unaruka kama ngazi. Mstari ukiruka, achana nayo hata kama bei inavutia.

Na hapo linakuja swali la wati. Watu wanabishana sana hili. Mmoja anakwambia chukua 450 inatosha, mwingine anakwambia chukua 1000 uwe salama. Hesabu ya kweli ni ya kukaa chini na kalamu. Chukua mashine yenye kadi ya RTX 4070, hiyo imepangiwa wati 200, weka na prosesa ya Ryzen 7 7800X3D ambayo kwenye gemu kwa kawaida haifiki hata wati 90, ongeza mazabodi (bodi kuu) na kumbukumbu (RAM) na diski na feni, unafika wati 320 hivi, labda 340. Kwa hiyo pawa saplai ya 450 ingeweza kuibeba. Lakini ingeibeba ikiwa kwenye robo tatu ya uwezo wake, joto juu, feni inakimbia. Mzigo huohuo kwenye 750 uko chini ya nusu, na chini ya nusu ndo mahali ambapo pawa saplai nyingi zilizotengenezwa vizuri zinapumua kwa utulivu na ufanisi wake, yaani sehemu ya umeme wa ukutani inayofika kwenye vipuri bila kugeuka joto, uko juu kabisa. Tofauti hiyo ndo naita wati za kimya.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo nimeisikia sana, kwamba pawa saplai kubwa kwenye mashine ndogo inapoteza umeme mashine ikiwa imetulia, kwa sababu ufanisi unashuka mzigo ukiwa mdogo sana. Hiyo ni kweli lakini inakuzwa. Tuseme mashine imetulia inakula wati 40, kwenye pawa saplai ya 750 hiyo ni kama asilimia 5 tu ya uwezo. Ufanisi ukishuka mpaka asilimia 80, ukutani unavuta wati 50. Ndogo yake ikiwa na asilimia 87 inavuta 46. Tofauti ni wati 4, taa ndogo ya LED. Ukigeuka upande wa mzigo mkubwa ndo unaona pa kuangalia: wati 300 kwa ufanisi wa asilimia 92 zinavuta 326 ukutani, yaani 26 zinageuka joto, na kwa ufanisi wa asilimia 85 zinavuta 353, yaani 53 zinageuka joto ndani ya kasha dogo ambalo lina lita 10 tu za hewa. Hizo wati 27 za tofauti ni joto ambalo lazima feni fulani ilitoe nje, na feni ikilitoa utaisikia.

Zile nembo za 80 PLUS, Bronze mpaka Titanium, zina msaada lakini zisikufumbe macho. Zinapima ufanisi kwa asilimia 20, 50 na 100 za mzigo, na Titanium peke yake ndo inalazimishwa kupimwa mpaka asilimia 10. Kwa umeme wa volti 115 Gold inatakiwa kufika asilimia 90 kwenye mzigo wa nusu, Platinum 92. Kelele haimo kabisa kwenye kipimo hicho, kwa hiyo mtu akikwambia hii ni Platinum ndo maana iko kimya, bado hajakwambia kitu. Wanaopima kelele ni Cybenetics wa Cyprus, wana daraja lao wanaliita LAMBDA, A++ ni chini ya desibeli 15, A+ ni 15 hadi 20, A ni 20 hadi 25, A- ni 25 hadi 30, na kushuka. Kwa kompyuta ya mezani inayokaa karibu na mtu mi ningeanzia A kwenda juu. Daraja lenyewe ni wastani wa mizigo mingi kwa hiyo bado rudi kwenye ule mchoro wa feni.

Kuhusu SFX-L nitasema kwa kifupi. Hii ni SFX iliyorefushwa kutoka milimita 100 hadi 130 ili iingie feni ya milimita 120, SilverStone ndo walioianzisha. Wazo zuri. Feni kubwa, spidi ndogo. Ila feni yenyewe inabidi iwe nyembamba, milimita 15, sio 25 kama za kawaida, kwa hiyo faida yake haiji yote, na hizo milimita 30 ulizoongeza kwenye kesi ndogo ndo zilezile ambazo nyaya zilikuwa zinapindia. Kwenye kesi kama NR200 ya Cooler Master yenye lita 18 SFX-L inakaa na nafasi inabaki, chukua bila wasiwasi kama umepata nzuri. Kwenye kesi ya lita 7 kama Dan A4 acha, utapigana na nyaya mpaka ukate tamaa.

Flex ATX ni nyembamba, milimita 40.5 kwa 81.5 kwa 150, watu wanaipenda kwa sababu inaingia kwenye kesi za ajabu ambazo SFX haiwezi kuingia. Lakini feni yake ni ya milimita 40. Feni ya ukubwa huo ikitakiwa kupoza wati 300 inapiga mluzi, hakuna namna, ndo fizikia yenyewe. Wapo wanaoifungua na kubadilisha feni waweke ya Noctua, kampuni inayojulikana kwa feni za kimya, na inasaidia kweli, ila naomba hapa tuelewane: ndani ya pawa saplai kuna kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani inayokaa na volti karibu 400, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Sio kitu cha kujifunzia. Kama hujasomea umeme usifungue, na hata kama umesomea, ile feni iliyopimwa na mtengenezaji ukiiondoa ukaweka inayopuliza kidogo zaidi, vipuri vya ndani vinapikika taratibu na wewe huoni.

Sasa zisizo na feni, ambazo ndo wengi wanazitamani. Natamani nizipende zaidi ya hivi. SilverStone wana NJ450-SXL, wati 450, umbo la SFX-L, Platinum, haina feni hata moja. HDPLEX wana ile ya GaN (aina mpya ya transista) ya wati 250, milimita 170 kwa 50 kwa 25, nyembamba kiasi kwamba ukiiona mara ya kwanza unadhani ni sehemu tu ya kitu, na unaweza kuunganisha mbili zikawa 500. Ni kazi nzuri sana za uhandisi na nikikuta mtu kaiweka kwenye kesi iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, yenye kuta za alumini nene zinazobeba joto kwenda nje, nafurahi kuiangalia. Lakini joto halipotei kwa sababu umeondoa feni. Kwenye kesi ya kawaida ndogo yenye kadi ya grafiki inayotema wati 200, pawa saplai isiyo na feni inakaa humo ikisubiri hewa ya wengine, na hao wengine ni feni za kesi na feni ya prosesa, ambazo sasa lazima ziongeze spidi kwa ajili yake. Kelele imehama sehemu moja kwenda nyingine. Na kapasita hazipendi joto, kanuni ya jumla wanayotumia mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 unazopunguza zinakuongezea maisha ya kapasita maradufu, ndo maana unaona watengenezaji wanajisifia kapasita za Kijapani za nyuzi 105. Feni inayozunguka polepole sana usiyoisikia inafanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana. SF750 inakupa yote mawili, isiyo na feni ukiwa kwenye kazi nyepesi, na yenye feni pale unapoihitaji kweli.

Pico ni habari tofauti na naiheshimu sana kwenye eneo lake. Ni kabodi kadogo kanachochomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya pini 24 ya mazabodi, umeme unatoka kwenye adapta ya nje ya volti 12, joto la kubadilisha umeme wa ukutani linabaki nje kwenye adapta, na ndani hakuna feni, hakuna mzigo wa nyaya. Kama mashine yako haina kadi ya grafiki, mfano Ryzen 5 5600G ya wati 65 ambayo hata ikijitahidi AMD wameiwekea ukomo wa wati 88, pico ya 150 au 160 inatosha. Ushahidi ni ASRock DeskMini X300, inapokea prosesa za wati 65 na inakuja na adapta ya wati 120 tu. Ila pico za volti 12 zinapitisha ile volti 12 ya adapta kwenda kwenye prosesa kama ilivyo, kabodi kanatengeneza 5 na 3.3 tu, kwa hiyo ubora wa mashine nzima umeuweka kwenye adapta. Kiwango cha ATX kwa miaka mingi, kabla ya toleo la 3.0, kiliruhusu volti 12 ipande au ishuke asilimia 5, yaani mwisho wa chini ni 11.4. Adapta ya hovyo yenye maandishi ya wati nyingi kuliko ilizonazo inashuka chini ya hapo prosesa ikishtuka, na mashine inajizima au inaganda bila kueleza kwa nini, na mtu anaanza kulaumu kumbukumbu. Ukienda njia ya pico, hela weka kwenye adapta.

Turudi kwenye SF750, kwenye nyaya. Zote zinachomoka, unachomeka zile unazotumia tu, na kwenye kesi ndogo hili sio anasa maana waya usio na kazi hauna pa kujificha, utakaa mbele ya feni. Waya mkuu wa pini 24 una sentimita 30, kwenye kesi ndogo ni urefu mzuri, kwenye kesi kubwa haufiki. Kila waya umevikwa kitambaa peke yake, inapendeza machoni lakini kinachonifurahisha zaidi ni kwamba inapinda. Ile ya pini 24 ikitoka kwenye pawa saplai inabidi igeuke ghafla kupita kati ya kipozeo cha prosesa na ukuta wa kesi, na waya mgumu uliobanwa pale unasukuma plagi pembeni mpaka pini zinakaa mshazari. Hizi unazipanga moja moja kwa kidole, zinalala bapa, unafunga na kamba mbili basi. Bado ile zamu ya kwanza, sentimita tatu za mwanzo karibu na plagi, ni ngumu kidogo mpaka uzizoeze.

Na hapa sikiliza vizuri kama hujawahi kusikia: usichanganye nyaya za pawa saplai moja na nyingine, hata kama plagi inaingia. Upande wa mazabodi na diski ndo una kiwango kimoja duniani, upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka, na hata kampuni moja inaweza kuwa na mipangilio miwili. Corsair wanaandika Type 4 kwenye plagi za hii. Ukichomeka waya wa SATA (wa diski) wa pawa saplai nyingine unaweza kupeleka volti 12 mahali pa volti 5, na diski inakufa hapohapo pamoja na kila kilichomo.

Toleo jipya la SF750 la 2024 limekuja na kiwango kipya cha ATX 3.1 na waya wa 12V-2x6 wa kadi mpya. Kama kadi yako ni ya plagi za pini 8 za kawaida, kila moja wati 150, na 75 nyingine zinatoka kwenye soketi ya mazabodi, hili la 2019 halikunyimi kitu. Kama una kadi yenye plagi mpya chukua jipya uepuke adapta ya katikati, manake kwenye kesi ndogo adapta ile inagusa kifuniko cha pembeni na kulazimisha nyaya zipinde palepale mdomoni. Acha angalau milimita 35 zinyooke kutoka kwenye plagi kabla ya kupinda. Ukikosa nafasi hiyo, badilisha kesi au badilisha kadi. ATX 3.0 ya 2022 ndo ilileta pia sharti kwamba pawa saplai ivumilie mruko wa mzigo mpaka asilimia 200 kwa microsekunde 100, kwa sababu kadi za kisasa zinavuta kwa kushtukiza kupita wastani wake, na pawa saplai iliyobanwa wati inadhani ni shoti inajizima katikati ya gemu. Sababu nyingine ya kutonunua wati za kutosha tu.

Mlio wa koili nao niuseme. Hii ni ile sauti nyembamba kama ya mdudu inayopanda na kushuka ukisogeza picha kwenye skrini. Mara nyingi inatoka kwenye kadi ya grafiki, sio pawa saplai, ila zikiwa zimekaa sentimita chache kutoka kwa nyingine huwezi kujua kwa kusikiliza tu hivi. Chukua karatasi ngumu, ikunje iwe bomba, upande mmoja sikioni upande mwingine sogeza karibu na pawa saplai, halafu karibu na kadi, bila kugusa feni. Utajua mara moja. Yangu iko kimya hapo, kadi ndo inalia kwenye menyu za gemu ambapo inachora fremu mamia kwa mamia bila sababu, na dawa yake ni kuweka kikomo cha fremu, basi inanyamaza.

Namna ya kuifunga pia inabadilisha matokeo. Elekeza feni upande wa matundu ya kesi ivute hewa baridi ya nje, isivute hewa ambayo kadi imeshaipasha. Na kama feni inasimama kwenye mzigo mdogo, ni vizuri zaidi ikiangalia juu au pembeni kuliko chini, joto linapanda lenyewe, likikuta njia iko wazi juu linatoka polepole na feni inachelewa zaidi kuamka. Kesi nyingi ndogo zina nafasi moja tu ya kuifunga, kwa hiyo hili liangalie kabla ya kununua kesi, sio baada.

Kama unatumia UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), hakikisha inatoa wimbi safi la sine. SF750 kama karibu zote za kisasa ina saketi ya kurekebisha mvuto wa umeme, na baadhi ya saketi hizo hazielewani na UPS za bei nafuu zinazotoa wimbi la ngazi-ngazi, umeme ukikatika UPS inapokea lakini kompyuta inazima hivohivo.

Kwa hiyo nani achukue hii? Mwenye kadi ya daraja la RTX 4070 na kuendelea kidogo, kwenye kesi ya lita 8 mpaka 18, mashine ikiwa juu ya meza, achukue bila kusita. Mwenye RTX 4060 ya wati 115 anaweza kuchukua SF600, ndugu yake ndogo ya wati 600, akapata ukimya uleule kwa hela ndogo, au V650 SFX Gold ya Cooler Master ambayo nayo ina feni ya milimita 92 na waranti ya miaka 10. Asiye na kadi aende pico. Mwenye kadi ya wati 320 na zaidi apande kwenye 850 au 1000 ya toleo jipya.

Iliyotumika inafaa pia, pawa saplai nzuri haizeeki haraka, ila waranti ya Corsair kwa hii ni miaka 7 toka siku ya kununuliwa, kwa hiyo omba risiti uhesabu kilichobaki. Iwashe bila mzigo mkubwa uone feni inasimama, kisha ipe mzigo usikilize ikianza kama kuna kitu kinakwaruza kwenye beringi. Na hesabu nyaya. Kama muuzaji kakusanya nyaya kutoka huku na kule na hana zile zilizokuja nayo, usiinunue mpaka umepata nyaya za Type 4 za uhakika.